Namna ya Kufuatilia Ndege wa Msituni Msimu kwa Msimu katika Usambara Mashariki

Anayetaka kujua kama ndege wa msitu fulani wanapungua au wanadumu hawezi kupata jibu kwa kuingia msituni mara moja, hata kama siku hiyo alijaza daftari zima. Jibu hutokana na kurudi mahali palepale, kwa njia ileile na katika msimu uleule, mwaka baada ya mwaka, huku akiandika kwa uaminifu si ndege aliowapata tu, bali pia kazi aliyoifanya ili kuwapata. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo katika misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, na umekusudiwa wanafunzi, askari wa misitu na wasaidizi wa utafiti wanaotoka katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.

Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ndiyo hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini Tanzania, na ndani yake pamoja na misitu jirani wanaishi ndege ambao ni vigumu kuwapata kwingineko duniani. Yupo ndege mmoja mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, ambaye wanasayansi humwita Artisornis moreaui, anayejulikana katika Usambara Mashariki na katika uwanda wa juu wa Njesi kaskazini mwa Msumbiji, basi. Kazi ya kunasa ndege kwa nyavu iliyoanzishwa na mtafiti William Newmark mwaka 1987 imeonyesha kwamba ndege wanaoishi karibu na ardhi, chini ya vivuli vya miti mikubwa, hutoweka katika vipande vidogo vya msitu, hasa vile vilivyotengana sana na msitu mkubwa. Matokeo kama hayo yasingepatikana kama nyavu zingetegwa mwaka mmoja na kukunjwa.

Fahamu misimu kabla ya kupanga safari

Eneo la Amani hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Agosti huwa kuna baridi, ukungu na manyunyu ya mara kwa mara, na Januari na Februari ni miezi ya joto. Ndege wengi wa msitu huu huzaliana tangu vuli inapokaribia hadi mwanzoni mwa mwaka, wakati wadudu wa kulishia makinda wanapopatikana kwa wingi, na katika kipindi hicho madume huimba tangu kabla ya jua kuchomoza. Kwa hiyo, mtu anayehesabu kwa masikio mwezi Novemba atapata idadi kubwa kuliko ya Julai, ingawa huenda ndege waliomo msituni ni walewale. Tofauti anayoiona ni tofauti ya sauti, wala si tofauti ya idadi ya ndege. Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo linaloharibu ulinganisho mwingi: hesabu ya Julai ya mwaka huu ilinganishwe na hesabu ya Julai ya mwaka ujao, wala isiwekwe kando ya hesabu ya Novemba na kutolewa hitimisho.

Kuna pia suala la kupanda na kushuka kwa ndege. Wakati wa baridi baadhi ya ndege wa milimani huteremka na kukaa kwa miezi kadhaa katika misitu ya chini, kisha hupanda tena joto linaporejea. Kikundi kinachofanya kazi katika miinuko ya Amani peke yake, kwenye mita 900 hivi, kitaona ndege hao wamepungua na kuingiwa na wasiwasi bure, hali wako katika misitu ya bondeni upande wa Zigi, ambako ni mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo vituo vya kazi vinafaa kuwekwa katika miinuko yote miwili, na vyote vitembelewe ndani ya kipindi kimoja. Ndege wageni wanaotoka Ulaya na Asia kati ya Oktoba na Aprili hawasumbui sana hesabu ya ndani ya msitu, kwa kuwa wengi wao hukaa pembezoni na mashambani.

Mpango mzuri ni wa safari mbili kwa mwaka: moja Julai au Agosti, nyingine kati ya katikati ya Oktoba na mwisho wa Novemba. Fedha zikitosha safari moja tu, mimi ningechagua ile ya pili, kwa sababu ndege wanaimba na dalili za kuzaliana zinaonekana mwilini mwao. Lakini lililo muhimu kuliko uchaguzi huo ni kutobadilisha msimu baada ya kuuchagua. Aprili na Mei ziepukwe kabisa, kwani barabara ya kupanda kutoka Muheza huwa na utelezi, na wavu uliolowa ni hatari kwa ndege.

Vibali na wenyeji

Kibali cha utafiti nchini hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na tafiti za wanyamapori hupitia pia TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, ilhali hifadhi yenyewe iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Anza kuyashughulikia maombi hayo miezi mingi kabla ya safari. Ukifika, jitambulishe kwa ofisi ya hifadhi, kisha kwa mwenyekiti na afisa mtendaji wa kila kijiji utakachopita, ueleze kwa lugha nyepesi ni nini kitafanyika na kwa muda gani. Mtu anayekutana na nyavu msituni bila taarifa ana haki ya kudhani kwamba ni za majangili.

Wasaidizi watafutwe papo hapo kijijini na walipwe kwa makubaliano yaliyoandikwa. Wazee wengi wa Kisambaa na Kibondei wanazifahamu sauti za ndege kuliko mhitimu aliyezisikia kwenye simu tu, na majina yao ya ndege yana thamani ya kisayansi iwapo yataandikwa sambamba na majina ya kitaalamu. Mzee akisema kwamba sauti unayoidhania ni ya shore si ya shore, simama, msikilize, na muitafute pamoja hadi muione.

Kuhesabu katika vituo

Njia ya kwanza, isiyohitaji kumgusa ndege, ni kuhesabu ukiwa umesimama mahali pamoja kwa muda maalumu. Chora mkuza, yaani njia nyembamba iliyonyooka, unaopita katika msitu unaotaka kuufuatilia, kisha weka vituo vilivyotengana kwa mita 200 au zaidi ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Kila kituo kipewe namba, kichukuliwe vipimo vyake kwa kifaa cha GPS, na kiwekewe alama ya kudumu juu ya mti, kwa kuwa chini ya majani mazito kifaa hicho kinaweza kukosea kwa mita nyingi. Vituo vichaguliwe kwa utaratibu uliopangwa mezani, si kwa kuvutiwa na mahali ambapo ndege wanaonekana. Ukichagua penye ndege wengi mwaka wa kwanza, miaka inayofuata itaelekea kuonyesha upungufu, hata kama msitu haujaguswa.

Kazi ianze mara tu kunapopambazuka na imalizike kabla ya saa 4 asubuhi. Ukifika kituoni nyamaza dakika moja au mbili ili ndege waliostushwa na nyayo zako watulie, kisha hesabu kwa dakika 10, ukiandika kila ndege uliyemwona au kumsikia pamoja na makadirio ya umbali wake: chini ya mita 25, kati ya 25 na 50, au zaidi ya 50. Umbali ndio unaowezesha wachambuzi kukisia ni ndege wangapi waliokuwapo bila kusikika, na kwa hiyo ni kosa kuuacha wazi kwa kuwa huna uhakika. Kabla ya msimu kuanza, kikundi kizima kifanye mazoezi ya kukadiria kwa kutumia kamba iliyopimwa, maana msituni sauti ya hondohondo aliye mbali huonekana iko jirani, na mlio mwembamba wa chozi aliye juu ya kichwa chako huonekana unatoka mbali.

Kila kituo kitembelewe zaidi ya mara moja katika msimu, angalau mara tatu, na mpangilio ugeuzwe ili kituo kilichokuwa cha mwisho jana kiwe cha kwanza leo. Mvua ikinyesha au upepo ukitikisa matawi, subiri. Pale usiposikia ndege yeyote andika sifuri, kwa sababu kituo kilichoachwa bila maandishi hakitofautiani na kituo ambacho hakikutembelewa.

Juu ya kupiga sauti iliyorekodiwa ili ndege ajibu, ushauri wangu ni kuwa na kiasi kikubwa. Artisornis moreaui, anayejificha katika mafundo ya mimea itambaayo penye upenyo wa mwanga, ni vigumu kumthibitisha bila njia hiyo. Lakini dume anayechokozwa mara kwa mara huacha kula na kulinda kiota ili amfukuze mshindani asiyekuwapo. Ipigwe kwa muda mfupi, kwa mpango ulioandikwa, na ikome ndege anapojibu. Ikitumika, data zake ziwekwe kando na zile za kuhesabu kwa kawaida.

Nyavu na kuvisha pete

Masikio hayatoshi kwa ndege wanaotembea chini kimya kimya, na hayawezi kumtambua ndege mmoja mmoja. Kazi hiyo hufanywa na nyavu nyembamba za nyuzi nyeusi, zenye urefu wa mita 12 na kimo kinachokaribia mita 3, ambazo hutegwa wima kati ya fito mbili za kushikilia na kuacha matumbo manne yanayoning'inia, ambamo ndege huangukia baada ya kugonga wavu. Tundu za milimita 16 huwafaa ndege wengi wadogo wa msituni. Ni lazima isemwe wazi kwamba kazi hii haifanywi na mtu asiyefunzwa: ni kwa kibali, chini ya usimamizi wa mvisha pete mwenye leseni, yaani mtu aliyeruhusiwa kuwafunga ndege pete zenye namba miguuni ili watambulike mmoja mmoja, na mwanafunzi hushika ndege baada tu ya kutazama wengi wakitolewa.

Nyavu zifunguliwe saa 12 asubuhi na kufungwa saa 6 mchana, au mapema zaidi jua likizifikia. Kila wavu utembelewe kila baada ya dakika 20 hadi 30, na idadi ya nyavu ipangwe kulingana na idadi ya watu wanaoweza kutimiza mzunguko huo, si kulingana na idadi ya nyavu mlizonazo. Mvua ikianza, zifungwe zote mara moja, kwa sababu ndege mwenye gramu 8 aliyelowa akiwa amening'inia hupoteza joto haraka mno. Hali hiyo ni ya kawaida Julai, ambapo ukungu hugeuka manyunyu bila dalili ya kutosha, hivyo anayezungukia nyavu awe na utaratibu wa kuzikunja akiwa peke yake.

Kumtoa ndege wavuni ni kazi ya utulivu. Simama, tazama kwanza aliingilia upande gani, kwa maana atatokea upande uleule. Fungua tumbo la wavu hadi uone mwili bila nyuzi kati yako naye. Mara nyingi vidole vya miguu ndivyo vilivyoufumbata uzi. Shika mguu juu, karibu na mwili, kamwe si chini ambapo mfupa ni mwembamba, kisha nyoosha vidole kwa kusukuma uzi kwa upole kutoka nyuma kuelekea kwenye kucha. Miguu ikiwa huru, mweke ndege kiganjani, shingo yake ikiwa katikati ya kidole cha shahada na cha kati, halafu vua nyuzi kwenye bawa moja, bawa la pili, na mwisho kichwani, ukitoka kisogoni kuelekea mdomoni. Uzi unaong'ang'ania chini ya ulimi, jambo linalotokea sana kwa jamii ya kurumbiza, huondolewa kwa ncha ya kijiti laini. Dakika kadhaa zikipita bila kufanikiwa, muite mwenzako aliye mzoefu. Ikibidi, kata uzi. Wavu hushonwa.

Jambo moja la misitu yetu halipatikani katika miongozo mingi ya nje: siafu. Kundi la siafu linapopita, wadudu hukimbia mbele yake, na shore pamoja na ndege wengine wa chini wanaolifuata kundi hilo huingia wavuni kwa wingi usio wa kawaida. Idadi hiyo iandikwe pamoja na maelezo ya siafu, vinginevyo mchambuzi atadhani ndege wameongezeka ghafla. Lakini siafu haohao hupanda kwenye tumbo la chini la wavu na kumuua ndege aliyenaswa kabla ya mzunguko kutimia. Anayewaona karibu na nyavu awatoe ndege kwanza, afunge nyavu hizo, kisha ndipo afikirie takwimu. Vilevile, kagua mkuza wote kabla ya kutega kwa ajili ya upupu, ambao vinyweleo vyake wakati wa ukavu hupeperuka na kumfanya mtu ashindwe kutumia mikono yake.

Kila ndege awekwe katika mfuko wake wa kitambaa cha pamba, mishono ikiwa nje ili nyuzi zisimfunge kucha, na mifuko itundikwe kivulini. Chozi na wadogo wenzao washughulikiwe mwanzo, na pia jike mwenye kipara cha kuatamia tumboni, kwa sababu mayai au makinda yanamsubiri. Pete ya aluminiamu yenye namba huchaguliwa kwa unene wa mguu: izunguke na kupanda na kushuka bila kubana, lakini isiweze kuvuka kifundo wala vidole. Baada ya pete hupimwa bawa kwa rula, mguu kwa kalipa na uzito kwa mizani ya springi; huangaliwa manyoya yanayobadilishwa, mafuta chini ya ngozi ya koo, na dalili za umri. Mtu mzoefu hutumia dakika chache tu. Ndege akianza kufumba macho, kutweta kwa mdomo wazi au kulegea, vipimo viachwe na aachiliwe chini, karibu na alipokamatwa.

Ndege mwenye thamani kubwa kuliko wote wavuni ni yule aliyekwisha kuvishwa pete. Isome namba mara mbili, mwingine airudie kwa sauti huku akiandika. Ni kutokana na namba hizo ndipo hujulikana kama ndege waliokomaa wanaishi muda wa kutosha kufidia wale wanaokufa, na huo ni ujuzi ambao hesabu ya vichwa pekee haiwezi kuutoa.

Kuandika juhudi na saa

Kila siku andika idadi ya nyavu, urefu wake, saa ya kufungua, saa ya kufunga na muda uliopotea kwa mvua. Nyavu 12 zenye mita 12 kila moja, zikikaa wazi kwa saa 6, ni juhudi ya mita-saa 864 (12 × 12 × 6); wakinaswa ndege 43, hiyo ni takribani ndege 50 kwa kila mita-saa 1,000, na ni kiwango hicho, wala si ile 43, kinacholinganishwa na mwaka mwingine. Ndege hujifunza mahali pa wavu, ndiyo maana siku ya kwanza huwa na mavuno kuliko ya tatu. Kwa hiyo idadi ya siku katika kila eneo iwe ileile kila msimu, wala msiongeze siku kwa kuwa matokeo yamekuwa hafifu.

Suala la saa linataka makubaliano mapema. Msaidizi mmoja ataandika 1:30 akikusudia saa moja na nusu asubuhi, mwenzake ataandika 7:30 kwa wakati uleule, na miezi sita baadaye hakuna atakayeweza kujua nani alimaanisha nini. Tamkeni saa kwa Kiswahili kama kawaida, lakini kwenye fomu tumieni mtindo wa saa 24 peke yake, na mfano uliojazwa ubandikwe ndani ya jalada la kila daftari. Tumieni penseli, kwa kuwa wino husambaa karatasi ikilowa. Jioni ileile, kabla ya kula, fomu zipitiwe na watu wawili na kupigwa picha.

Andika pia hali ya msitu kuzunguka kila kituo: miti iliyokatwa, njia mpya, mitego, na miti ya mhesi. Mti huo, ambao si wa asili ya milima hii na ulipandwa hapa enzi za ukoloni, umeenea sana katika misitu ya Amani, na hondohondo wanaokula matunda yake ni miongoni mwa wanaousambaza. Mabadiliko ya ndege yasiyoambatana na kumbukumbu ya miti ni vigumu kuyaeleza baadaye.

Kufunga msimu

Nyavu zitolewe zote, zianikwe kivulini hadi zikauke kabisa na kuhesabiwa, kwa sababu wavu mmoja uliosahaulika msituni utaendelea kuua. Fito ziondolewe na miingilio ya mikuza ifunikwe kwa matawi ili isiwe njia ya wawindaji; alama za kudumu za vituo ziachwe, na zilizolegea zifungwe upya. Nakala za data zibaki sehemu tatu, mojawapo ikiwa ofisi ya hifadhi, na kumbukumbu za pete zipelekwe kwa mpango wa Afrika Mashariki unaoratibiwa kutoka Nairobi.

Kisha rudini kijijini na muombe nafasi katika mkutano, muwaeleze wananchi kwa majina ya ndege wanayoyatumia wao ni wangapi walionekana, wapi, na ni wale wale wa mwaka jana au la. Maswali yatakayoulizwa hapo yaandikwe, hasa yanayotoka kwa wakulima wa iliki na wengine wanaopita pembezoni mwa msitu kila siku, kwani mara nyingi wao ndio wa kwanza kugundua ndege aliyeacha kusikika. Kabla ya kuagana na wasaidizi, kubalianeni juma la kuanza msimu ujao na nani atakagua alama za vituo baada ya masika, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye daftari linalobaki kijijini.